Vita vya Korea na Ua Wetu wa Makanya

Mume wangu Aminiel alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Wanaume wengine wa Suji walikuwa na ugonjwa wa dengelua, pombe ambayo kanisa letu linaikataza, na wengine walikuwa na ugonjwa wa kesi za mipaka. Wangu alikuwa anauliza tu. Treni ikipita Makanya, anataka kujua nani aliyeamua reli ipite hapa isipite kule. Mchungaji akija na miwani mipya, anataka kujua kioo kilisagwa wapi. Siku naolewa, mama mkwe alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Mwanangu, ukichoka kumjibu, mpe jembe." Nilimpa jembe miaka yote ile. Alilima vizuri, na aliendelea kuuliza.

Nyumba yetu ilikuwa Suji, juu mlimani kwenye migomba na baridi, lakini chakula cha mwaka tulikilima chini Makanya, kwenye joto. Kila masika tulishuka tukakaa kwenye kibanda cha shambani mpaka mahindi yakauke. Shamba lile lilipakana na malisho ya Lembris, mzee wa Kimaasai mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Zamani baba yake na baba mkwe wangu walipigana hapo kwa sababu ya ng'ombe kula mahindi, na mtu mmoja akachomwa mkuki wa paja. Walipochoka kuchukiana wakapanda ua wa mkonge pamoja, shimo kwa shimo, kutoka kwenye reli mpaka korongoni. Wakakubaliana hivi: ua ukiwa mzima na ng'ombe akapita, mwenye ng'ombe analipa. Ua ukiwa na pengo, mwenye mahindi anyamaze.

Kila mtoto wa pande zote mbili aliijua sheria hiyo. Na miaka ikapita hakuna aliyelipa wala aliyelazimika kunyamaza, maana mkonge uliota ukashikana, na ile miiba ya kwenye ncha za majani ng'ombe waliiheshimu kuliko fimbo.

Basi kiangazi cha mwaka wa hamsini na moja, sisi tukiwa bado hatujapanda kurudi Suji, akaja Amiri.

Amiri alikuwa mfanyabiashara wa Same, mnunuzi wa ngozi na nta, mtu wa kanzu safi hata kwenye vumbi. Alikuwa akipita Makanya kila mara, lakini siku hiyo hakuulizia ngozi. Alisimama mbele ya ua wetu akautazama kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayeposa.

"Shemeji," aliniambia, "mmekaa juu ya mali nanyi hamjui. Katani inanunuliwa kwa bei ambayo tangu nizaliwe sijaisikia. Mashamba makubwa ya Wagiriki hayatoshi. Hata mkonge wa ua nachukua."

Mimi nilicheka. Aminiel hakucheka, aliweka jembe chini.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini bei imepanda? Mkonge ni ule ule. Jua ni lile lile."

"Kuna vita Korea," akasema Amiri.

"Korea ndiyo wapi?"

Amiri akanyoosha mkono kuelekea milima ya Suji, halafu akaugeuza kuelekea nyikani, halafu akaushusha. Nilijua hapo kwamba siku yangu imeisha. Niliwapikia uji, wakakaa kwenye kivuli cha kibanda, na mume wangu akamkamua yule mtu kama ng'ombe wa maziwa.

Nilisikia yote. Wamarekani walikuwa wanapigana huko Korea, na meli zao zinataka kamba. Kamba nzuri zilikuwa zikitoka visiwa vya mashariki, ambavyo vita vikisambaa vitafungwa. Kwa hiyo walikuwa wananunua katani yote wanayoiona na kuijaza kwenye maghala.

"Wanaitumia?" Aminiel aliuliza.

"Nyingine wanaitumia. Nyingi wanaiweka tu. Wanaogopa wasije wakaikosa."

"Kumbe wananunua kwa woga."

"Na woga haupatani bei," akasema Amiri, akacheka. Kisha akaongeza habari ya pauni. Miaka miwili nyuma serikali ya Uingereza ilikuwa imeishusha thamani pauni yake, na shilingi yetu ikashuka pamoja nayo bila kuulizwa, kwa kuwa imefungwa humo. Dola ya Mmarekani ikawa inabadilishwa kwa shilingi nyingi kuliko zamani, ndiyo maana kanga zilipanda bei na katani nayo ikapanda.

Mume wangu alipandisha mlima hadi misheni ya Suji kwa ajili ya kuangalia ramani tu. Alirudi kesho yake na macho yanang'aa. Korea alikuwa ameiona: nchi ndogo, inaning'inia pembeni. "Fikiri, Mama Eliaichi," alisema. Eliaichi ni binti yetu wa kwanza. "Wanaopigana wako kule. Wanaonunua wako upande mwingine kabisa wa dunia. Benki iko London. Na vyote hivyo vimekuja kukutana kwenye ua wa baba yangu!" Alikuwa na furaha kama mtu aliyeletewa barua kutoka mbali. Nami nakiri, furaha yake iliniambukiza. Sikuwahi kufikiri kwamba dunia ina habari na Makanya.

Tulikwenda kwa Lembris pamoja, kwa kuwa ua ulikuwa wa wote. Tulimkuta amekaa mlangoni mwa boma lake, mkewe Nashipae anasafisha vibuyu vya maziwa kwa mkaa.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. Nimesikia. Mnataka kukata ua."

Aminiel akamweleza yote: Korea, meli, maghala, pauni. Alisema mkonge atakaouza utanunua seng'enge, waya wa miiba wa Kizungu, na kwamba ua wa seng'enge ni bora mara mbili na hauzeeki. Lembris alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Mimi sina shida na mkonge," akasema. "Sitaki hela yake. Kata. Lakini mahindi yako yakifika gotini, nione kitu kimesimama pale. Ng'ombe hawajasikia habari za Korea."

Nashipae akanitazama mimi, si Aminiel. Alinitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye vibuyu vyake.

Tukakata. Asiyewahi kuparua mkonge kwa kisu asiniambie habari ya kazi. Utomvu wake unawasha mpaka ndani ya mifupa, mikono inavimba, na harufu yake haikutoki hata ukioga. Tuliparua, tukaosha nyuzi mtoni, tukazianika juu ya vichaka mpaka upande ule wa Makanya ukawa mweupe kama umetandikwa mashuka. Hatukuwa peke yetu. Watu walikata nyua za kanisa, nyua za makaburi. Wapo walionunua nyua za watu wa mbali wakiwa hawajaziona, wakaziuza kwa mtu mwingine kabla hazijakatwa, na huyo naye akatafuta wa kumuuzia. Pale stesheni vijana waliacha kuzungumza habari za wasichana, wakawa wanazungumza habari za bei.

Fungu la kwanza tulimuuzia Amiri, naye alilipa vizuri, sisemi uongo. Nilinunua blanketi. Aminiel akaenda Same kwenye duka la vyuma kuulizia seng'enge, akarudi mikono mitupu.

"Imepanda," akasema.

"Nini?"

"Seng'enge. Imepanda mno. Unajua kwa nini?" Akaketi, akapiga goti lake kwa mshangao. "Chuma! Chuma kinaenda vitani! Vita vile vile, Mama Eliaichi! Vimepandisha tunachouza, na vimepandisha tunachonunua!"

"Na unafurahi?"

"Sifurahi. Nashangaa."

Nilimwambia hela tuliyonayo tununue hata nusu. Akasema ua nusu ni mlango. Nikamwambia basi tuuze katani yote iliyobaki tumalize. Hapo ndipo akaniambia alichokuwa amekiamua njiani. Bei ya katani ilikuwa inapanda kila wiki. Seng'enge ilikuwa imepanda mara moja tu na kutulia. Tukingoja, katani itaipita seng'enge, na tutazungusha shamba zima na chenji itabaki.

"Haraka haraka haina baraka," akamalizia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu.

Lakini nilimfuata. Tulifunga marobota, tukayapanga ndani ya kibanda mpaka juu, sisi tukalala mlangoni. Amiri naye alikuwa anafanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Alichukua mkopo benki ya Tanga, akanunua katani ya watu, akaijaza kwenye ghala karibu na stesheni, akingoja. Kama tajiri wa Same anangoja, nani angetuambia sisi ni wajinga?

Bei ikapanda tena baada ya Krismasi. Aminiel hakuuza. Ikapanda tena. Hakuuza. Alikuwa akitembea stesheni kila asubuhi kuuliza, na kila alivyorudi nilikuwa nasoma jibu kwenye mwendo wake kabla hajafika. Nilianza kuuchukia ule mwendo wa furaha, kwa kuwa kila ulipokuja nilijua hatutauza leo pia.

Halafu mfalme akafa.

Mfalme wa Uingereza, George, yule wa kwenye shilingi. Bendera ya bomani Same ilishushwa nusu mlingoti, na wiki hiyo hiyo bei ya katani ikasimama. Kisha ikateremka kidogo. Aminiel hakushtuka hata kidogo. "Wako kwenye matanga," akasema. "Nani anafanya biashara kwenye matanga? Wakishanyoa nywele, wataanza kununua." Jambo hili lilituingia akilini kabisa. Nilimwambia Mama Ernesta wa jirani, naye akamwambia mumewe, na nusu ya Makanya ikangoja matanga ya Mfalme yaishe.

Matanga yakaisha. Malkia mpya alikuwa ameshatangazwa. Bei ikateremka tena, safari hii kama jiwe.

Masika yalikuwa yameshaanza, mahindi yametoka ardhini. Amiri alishuka kwenye treni ya kutoka Tanga, akaja moja kwa moja kwetu. Kanzu yake ilikuwa na madoa. Aliomba maji, akanywa yote.

"Wamarekani wameacha kununua," akasema. "Maghala yao yamejaa. Wanazungumza habari ya amani huko Korea."

"Amani ni jambo jema," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

"Ni jema, shemeji. Limeniua mimi." Akajifuta uso. "Na hilo si lote. Kuna benki kuu ya London, mama wa mabenki yote. Imepandisha riba. Ilipandisha mwaka jana kidogo, sasa imepandisha sana. Mama akikaza mkono, watoto wote wanakaza. Benki ya Tanga inataka hela yake. Wanunuzi wakubwa wanaokaa na katani ghalani wote walikuwa wanakaa nayo kwa mkopo, sasa mkopo umekuwa ghali, wote wanatupa sokoni kwa pamoja."

Aminiel aliuliza swali nililolitegemea. "Kwa nini wamepandisha?"

"Uingereza yenyewe haina hela. Inanunua kuliko inavyouza. Wanataka watu wapunguze kukopa, wapunguze kununua."

Nikaona uso wa mume wangu unafunguka polepole, nami nilikuwa naujua uso ule.

"Wameziba ndiva," akasema.

Nilitaka kulia. Ndiva ni bwawa letu la Wapare, la udongo, juu mlimani. Jioni tunaliziba ili maji ya chemchemi yajae, alfajiri tunalizibua, na kila ukoo una zamu yake kwenye mfereji. Aminiel alikuwa mmoja wa wasimamizi wa ndiva yetu Suji tangu ujana, na baba yake kabla yake. Maishani mwake hakuwahi kuona ndiva iliyozibwa ikakosa kujaa.

"Unaona, Bwana Amiri?" Alikuwa amesimama sasa. "Huko London kuna ndiva ya hela. Wameiziba. Mfereji umekauka huku chini, watu wanapiga kelele, wanadhani maji yamekwisha. Watu wa chini kila siku wanadhani hivyo! Lakini ndiva ikizibwa ndipo inapojaa. Wakizibua, maji yatakuja kwa nguvu kuliko mwanzo. Anayeuza leo anauza wakati wa ukavu."

Amiri alimtazama kwa matumaini yaliyonitia huruma. "Watazibua lini?"

"Asubuhi yao itakapofika," akasema Aminiel.

"Chemchemi yao iko wapi?" niliuliza. Niliuliza kwa kutaka kujua tu, sikuwa na ujanja wowote. Wote wawili walinitazama. Amiri akaenda zake.

Mvua ikakatika. Huko nyikani majani yalianza kukauka wakati shamba letu lilikuwa bado kijani, maana udongo wa karibu na korongo hushika maji. Mahindi yakafika kwenye shavu la mguu, yakapita. Lembris akaja asubuhi moja, akasimama pale ulipokuwa ua, akitazama mistari ya visiki vya mkonge.

"Aminiel," akasema, "mahindi yamefika gotini."

"Bado kidogo, mzee."

"Gotini kwangu. Mimi ni mrefu, nimekupa siku za ziada."

Aminiel akamweleza habari ya benki ya London. Lembris alisikiliza kama alivyosikiliza habari ya Korea. Alipomaliza, Lembris akasema, "Mimi nitawazuia kadiri ninavyoweza. Lakini wana njaa, na wameshasikia harufu." Akaondoka.

Ng'ombe waliingia siku ya tatu yake. Nilikuwa korongoni nachota maji. Niliposikia kengele zao zinalia mahali pasipotakiwa, nilitupa mtungi nikakimbia. Walikuwa wamejaa kwenye kona ya juu ya shamba, wanakula kwa utulivu, hawana hatia yoyote usoni. Nilipiga kelele, nikarusha mawe. Nashipae alikuja mbio kutoka upande wa pili na shuka lake linapepea, tukawafukuza pamoja, mimi kwa Chasu na yeye kwa Kimaasai. Walipotoka, kona yote ya juu ilikuwa imebaki vijiti. Nashipae aliokota bua changa lililotafunwa nusu, akaliweka mkononi mwangu. Sheria ilikuwa inajulikana. Nilitakiwa ninyamaze, na nikanyamaza.

Chakula chetu cha mwaka kilikuwa pale. Hatukuwa na shamba jingine la mahindi. Migomba ya Suji ingetulisha miezi michache, baada ya hapo ni kwenda kuomba kwa ndugu, na ndugu wengi nao walikuwa wamekaa juu ya marobota.

Nilikwenda kibandani. Aminiel alikuwa amerudi kutoka stesheni, amesimama mlangoni, ameshaona.

"Nipishe," nikamwambia. Nilikuwa na panga.

"Unataka nini?"

"Kamba. Miiba ya migunga iko tele nyikani, Nashipae atatuonyesha pa kukata. Ukiilaza chini ng'ombe wanaivuta kwa pembe. Ikifungwa kwenye nguzo kwa kamba, inasimama. Nataka kamba."

"Nitatafuta magome ya miti."

"Ya shamba zima? Kutoka reli hadi korongoni? Kamba imo humo ndani, Baba Eliaichi. Imejaa mpaka paa."

Akanyoosha mikono akaziba mlango. Sijawahi kumwona hivyo, si kabla wala baada. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. "Ukiifungua hiyo na kuisokota," akasema, "haiuziki tena. Hakuna atakayenunua katani iliyosokotwa na kutiwa udongo. Tumekaa nayo miezi yote hii. Kesho wakizibua tutakuwa tumeharibu kila kitu."

Hapo nilimuuliza. Miaka yote ile yeye alikuwa ndiye muulizaji, mimi mjibuji.

"Unalinda nini?"

"Mali."

"Mali ya nini?"

"Ya kununulia seng'enge. Unajua."

"Na seng'enge ya nini?"

Alifungua mdomo. Nilingoja. Sauti za kengele za ng'ombe zilikuwa bado zinasikika, Nashipae anawasukuma mbali.

"Ya nini, Aminiel?" Sikuwahi kumwita jina lake tangu tuzae.

Mikono yake ikateremka. Alibaki kusimama pale, kwa hiyo nilipita kwa ubavu nikimgusa, nikapiga robota la kwanza panga katikati. Kamba iliyolifunga ilikatika, katani ikafumuka ikamwagika sakafuni, nyeupe, laini, nzuri mno. Nilipiga la pili. Nilikuwa nalia, siwezi kusema ni kwa nini hasa, pengine ni kwa mikono yangu iliyovimba kiangazi kizima. Nilipoinua panga kwa la tatu, aliushika mkono wangu, akalichukua, akalikata mwenyewe.

Aliketi chini, akakunja suruali, akaanza kusokota nyuzi juu ya paja lake.

Kesho yake pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, ililia Suji, kwa sababu Aminiel alipanda kwenda kuwaomba watu, naye hakuwa mtu wa kuomba. Walishuka na mapanga na nyimbo. Wengine walimtania njia nzima wakimwita Bwana Korea, akavumilia. Nashipae alikuja na wanawake wa boma lake, ambao kwa ua wa miiba hawana mpinzani, wakatucheka namna tulivyokuwa tunashika matawi ya mgunga kwa uoga. Lembris alichimba mashimo ya nguzo, mzee yule, bila kuombwa. Tulisokota, tukafunga, tukasokota. Robota baada ya robota likaenda kwenye nguzo. Meli za Marekani zisingefungwa vizuri zaidi.

Ua ukasimama. Kona ya juu ilikuwa imekwenda, lakini shamba lililobaki lilirefuka, likachanua, mbelewele zikaanza kutoka. Nilianza kulala usingizi.

Wakati huo ndipo Amiri aliporudi, kwa miguu. Ghala lake benki ilikuwa imelichukua, na duka la Same lilikuwa limefungwa. Nilimpa ugali na mlenda, akala bila kuinua macho. Nilimhurumia sana. Alipomaliza akasema kuna mtu Tanga anatafuta katani haraka. Mazungumzo ya amani ya Korea yalikuwa yamekwama, bei imeinuka kidogo. Si kama zamani, lakini imeinuka. Kama angepata mzigo hata mdogo, angeanza upya.

Kisha akautazama ua. Aliutazama kwa muda, kuanzia reli hadi korongoni.

"Hii yote ni katani safi," akasema kwa sauti ya chini. "Ikifumuliwa, ikioshwa vizuri..."

Nilitazama uso wa mume wangu. Ulikuwa unafunguka.

"Imeinuka kiasi gani?" akauliza.

Amiri akamtajia. Aminiel akasimama, akaenda mpaka kwenye nguzo ya karibu, akashika fundo kwa vidole viwili, akalipima. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, na sikuwa na hakika nitaufanyia nini. Alikaa na lile fundo muda mrefu. Kisha akageuka, akamwekea Amiri mkono begani kwa upole.

"Rudi tukishavuna," akamwambia.

Amiri alishukuru akaondoka kuelekea stesheni, na Aminiel akamsindikiza, huku akimuuliza kwa nini mazungumzo ya amani yamekwama. Niliwasikiliza mpaka sauti zao zikapotea. Nikaweka mwiko chini, nikaenda kwenye ua, nikaanza kukaza mafundo, moja baada ya jingine, kwa nguvu zangu zote. Nilipofika katikati niliona miiba inatikisika upande wa pili. Nashipae alikuwa amechuchumaa pale, amesikia kila kitu. Yeye aliivuta kamba kutoka kwake, nami nikaivuta kutoka kwangu.